Mjane wa pili aliyefutwa na laptop

Leo laptop yangu imemfuta bibi mdogo, mke wa pili wa marehemu babu, mbele ya msiba mzima hapa kijijini Didia.

Wasifu wa babu niliunakili kutoka wa msiba mwingine: "ameacha mjane mmoja." Shangazi akanisahihishia humo humo kwenye faili kwa maandishi mekundu: wawili.

Nikageuza kuwa PDF, masahihisho yapo. Grupu la familia likaridhika.

Nikageuza tena ya kuprinti. Sikuisoma, si faili ni lile lile?

Kumbe ukirudia mara ya pili, programu inayafuta masahihisho yote. Asante sana kwa msaada.

Mwongoza ratiba akasoma, "mjane mmoja."

Bibi mdogo, kiti cha mbele, akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyo mmoja ni nani?"

Chakula cha msiba kinapikwa kwake. Mnaokuja jioni, kuleni huko huko kwenu.