Nyasi za Paa la Mayu

Sogea karibu, mwanangu, maana najua umenoa shoka. Unataka kufyeka ngitili iliyobaki pale juu ya chemchemi, upate kupanda pamba. Nisikilize kwanza, kisha uamue.

Nakumbuka siku moja nilisimama kwenye mteremko huohuo, shoka begani kama wewe. Babu yangu alipopanda mlima huu na ng'ombe wake, alifuata maji. Alizungushia mteremko ua wa minyaa, akaweka mwiko: masika yote hapaingii jembe wala kwato. Nyasi zikue, zikauke zimesimama, ziwangoje ndama na maksai wakati wa kiangazi. Hiyo ndiyo ngitili. Kijiji kizima kilikuwa nazo, na chini yake maji hayakukauka.

Mimi nilikuwa nimeoa karibuni, na pamba ilikuwa na bei. Mayu, mama yangu, akanikuta nakata minyaa.

"Masanja, unafanya nini?"

"Mayu, nani ananunua majani Bariadi? Pamba ndiyo inanunuliwa."

"Haya. Kiangazi kikifika, mwambie maksai wako ale pamba."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Misimu miwili nilivuna vizuri, na majirani wakaniiga, kila mtu akalima ngitili yake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mvua ya msimu wa tatu ilishuka na udongo wote, ikatuachia mawe. Halafu ikakata.

Kiangazi kile mifugo ya kijiji ilimaliza hata nyasi za kipande nilichobakiza juu ya chemchemi, na maksai wangu mkubwa akaanguka zizini. Tulimvuta mkia, tukamwinua kwa mti chini ya tumbo; akasimama, akaanguka tena. Nikageuka, nikamwona Mayu amepanda juu ya nyumba yake, anang'oa nyasi za paa.

"Mayu, utalala wapi?"

"Mpe ng'ombe ale. Akifa huyu, utalima na nini?"

Maksai alitafuna mafunda mawili ya nyasi zile nyeusi kwa moshi, akaacha. Alfajiri alikuwa amekufa. Mama yangu hakunisema tena mpaka anazikwa, na ningependa sana angenisema.

Sasa tazama. Tumebaki kaya nne mlimani. Ndugu zako wako Malampaka, wengine Nyalikungu, na chemchemi ni tope la kulowesha ukwato. Sitakudanganya kwamba maji yatarudi. Nimepanda minyaa upya mara tatu, na kila mara mifugo imeivunja. Maji hayo mimi sitayaona, pengine hata wewe.

Lakini kipande kile ndicho pekee ambacho sikukilima. Wewe una mikono mizuri ya kazi, kuliko mimi nilivyokuwa, ndiyo maana nakuomba. Usile akiba ya mwaka usioujua. Mungu akupe kiangazi kifupi na ng'ombe wanaosimama wenyewe.

Kesho chukua shoka hilo, ukate matawi ya minyaa, uzibe pengo la upande wa chemchemi. Usimwingize ng'ombe hata mmoja mpaka nyasi zidondoshe mbegu.