Ukurasa Usio na Picha

Leo Ijumaa. Nitawasimulia yote, wasomaji wangu, hata pale nilipoaibika.

Mwalimu wa Jiografia ameikataa kazi yangu mbele ya darasa zima.

Kazi ilihusu maji ya Mlima Meru, na kosa langu ni tovuti niliyotumia. Ni maandishi meusi tu kwenye ukurasa mweupe. Ilifunguka mara moja, hata kwa simu ya mama. Ameiandika mzee mmoja wa huku kwetu aliyekuwa akigawa zamu za maji ya mfereji.

Kabla yake nilihangaika na tovuti tatu za kupendeza. Matangazo, video, kubali hiki, kubali kile, mpaka bando likaisha. Zote zilisema maji ni muhimu. (Asanteni, nilikuwa sijui.)

Mzee yule ameandika kwamba nyumba yenye msiba hupewa maji kwanza, nami nikaiweka sentensi hiyo kwenye kazi yangu.

“Tovuti yenyewe haina hata picha,” mwalimu akasema. “Nani kakuhakikishia kuwa ni kweli?”

Neema, ninayekaa naye dawati moja, akanong'ona, “Shosti, kaa tu yaishe.”

Sikukaa.

“Mwalimu, bibi alipofariki, majirani walituachia zamu zao siku tatu.”

Mwalimu akafunga daftari langu taratibu.

“Pole, mwanangu. Lakini Jumatatu lete chanzo kinachoeleweka, au uifute hiyo sentensi.”

Nimechoka, jamani. Nimetafuta tangu nirudi, na hakuna tovuti nyingine inayoisema.

Niifute sentensi nipate alama, au niipeleke kazi ilivyo? Nijibuni leo hii.