Nilitia tiki za uongo kwenye chati ya dawa ya jicho, lawama akabeba mke wangu

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Ninachosimulia hapa nimekaa nacho miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Sitaongeza chumvi. Kilivyo chenyewe kinatosha kuniaibisha.

Nimeamua kuandika kwa sababu wiki iliyopita mke wangu, Mama Zuhura, amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi. Daktari ameniuliza kama najua kumtunza mgonjwa wa namna hiyo. Nikajibu kwamba najua, nami mwenyewe niliwahi kuwekewa. Mama Zuhura alikuwa amekaa pembeni, akakohoa kidogo.

Kikohozi hicho ndicho kimeleta uzi huu.

Turudi enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imemwagika Kariakoo, na mimi na mwenzangu Hamisi tulikuwa na meza ya mashati ya kiume. Tulikuwa tunanunua belo zima la nguo, tunalifungua mbele ya wachuuzi, mimi nachambua grade one papo hapo huku wamesimama wananitazama mikono. Kazi hiyo inataka macho. Mchuuzi akiona unasitasita juu ya kola, anajua huijui bidhaa, anahamia meza ya jirani.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na vitabu vya kuokoteza. Nilizoea kuandika kila kitu kwenye daftari, kwa mstari wa rula. Nawaambia hili kwa sababu lina kazi yake mbele.

Siku moja nilikuwa nakata mkanda wa chuma unaofunga belo. Ukaruka, ncha yake ikanipiga jicho la kulia. Kidonda kilipona, lakini ndani ya miezi michache mboni ikawa nyeupe. Mtoto wa jicho, nikiwa sijafika hata miaka thelathini.

Nilipelekwa kwa daktari mmoja wa macho, mama wa Kihindi mzaliwa wa Upanga, Kiswahili chake cha hapahapa mjini. Akaondoa kile cheupe, akaniwekea lenzi ya bandia. Asubuhi alipofungua bandeji niliona nyuzi za mshono kwenye kola ya koti lake. Sijasahau.

Masharti aliyonipa ni haya. Dawa ya matone mara nne kwa siku. Anayetia anawe kwa sabuni, na mdomo wa chupa usiguse jicho. Maji yasiingie. Nisisugue, nisiiname, nisinyanyue kizito. Nilale na kikinga cha plastiki. Wiki nne nisikanyage penye vumbi.

Nikarudi nyumbani, mtaani Gerezani, nikachora chati. Siku kwenda chini, saa kwenda pembeni, kila dozi na tiki yake.

Mama Zuhura alikuwa anakaanga samaki kuuza. Alfajiri ananitia dawa kabla ya kwenda Feri kununua samaki, anarudi kunitia alasiri, na tena wakati wa kulala. Ya saa sita mchana, yeye akiwa kwenye karai lake, nilijitia mwenyewe nimelala chali.

Baada ya wiki nilirudi kliniki. Daktari akaitazama chati, akamwita nesi aje kuiona. Akasema laiti wagonjwa wake wote wangekuwa hivi. Wakuu, nilitoka pale nimevimba kichwa.

Siku ya kumi Hamisi akaleta salamu kwamba mabelo mawili yamefika na wachuuzi hawataki yeye achambue. Nikajiambia nitasimama tu, sitainama. Nikavua kikinga, nikavaa miwani ya jua, nikaenda.

Nilipofika, mama mmoja mchuuzi, mteja wetu wa siku nyingi, akaniuliza, "Leo unatuchagulia na jicho gani, la zamani au jipya?"

Watu wakacheka. Basi ikabidi nioneshe. Niliinama, nikanyanyua, nikachambua mpaka chini ya belo. Vumbi la mitumba mnalijua. Jasho likanichuruzika, nikachukua shati lililokuwa mkononi, nikalipitisha chini ya miwani, nikajifuta mpaka kwenye kope.

Nilifanya kitu kile bila kufikiri, kama mtu anavyofuta meza.

Nilikwenda siku tatu mfululizo. Dozi za saa sita zote tatu sikutia. Kila nikirudi, kabla Mama Zuhura hajafika, nanawa miguu, nakaa kitandani, nachukua kalamu naweka tiki. Niliona aibu kuacha kisanduku kitupu. Daktari alikwisha kunisifia.

Siku ya nne niliamka jicho jekundu. Kufika jioni linauma, mwanga wa mlangoni unachoma kama pilipili, na nilichokuwa naona vizuri kimeingia mvuke. Hapohapo ndipo pa kukimbilia hospitali. Mimi nikasubiri mpaka kesho yake, nikijiongezea matone.

Daktari alichungulia na taa yake. Akasema vijidudu vimeingia ndani. Akaomba chati.

Ilikuwa imejaa tiki, hakuna pengo.

Akauliza nani ananitia dawa. Nikasema mke wangu. Ya saa sita sikuitaja.

Akamgeukia Mama Zuhura, aliyekuwa amenisindikiza. "Mama, unanawa mikono kabla ya kumtia?"

"Nanawa, dokta. Kwa sabuni."

"Unafanya kazi gani?"

"Nakaanga samaki."

Daktari akaitazama mikono yake. Hakumkaripia. Alisema tu kwamba kuanzia leo ni afadhali mtu mwingine atie.

Mama Zuhura akanitazama mara moja, kisha akatazama chini. "Sawa, dokta. Labda sikunawa vizuri."

Nami nilikuwa nimekaa pale, mdomo ninao, na sikusema neno.

Nililazwa siku tisa. Nilichomwa sindano jichoni, na maumivu yake sitayaeleza. Jicho liliokoka, ila ule uzi wa kwenye kola sikuuona tena. Mpaka leo upande wa kulia naona kama kupitia kioo cha bafu.

Niliporudi nyumbani, dada yangu mkubwa alihamia kwetu kunitia dawa. Wiki saba. Kila siku, Mama Zuhura akiwa anasikia, anasema mikono ya samaki na jicho la mtu wapi na wapi. Mke wangu anampikia, anamwandalia, hajibu.

Siku dada alipoondoka ndipo nilipomwambia. Nilianza mbali sana, nikieleza habari za mabelo na wachuuzi. Akanikatiza.

"Baba Zuhura, shati lako la siku ile nililifua mimi. Harufu ya mtumba naijua. Na kikinga nilikikuta mfukoni."

Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kosa lisilo lake.

"Daktari alikuwa ameshika ile karatasi yako na kukuona mtu wa maana. Nikuvue nguo mbele yake? Nilidhani utasema mwenyewe. Nikasubiri siku ile. Nikasubiri na dada yako alipokuja."

Kisha akaenda kutoa samaki wake magamba.

Kliniki iliyofuata nilimweleza daktari kila kitu. Hakuniuliza habari za jicho. Aliuliza, "Mama yuko wapi?" Safari iliyofuata akataka nije naye, akamwomba radhi mbele yangu. Mimi ndiye niliyetazama sakafu.

Dada sikumwambia. Nilikuwa nasema nitamwambia Idi, kisha nitamwambia Idi nyingine. Amefariki akiamini ni mikono ya samaki.

Sasa mafunzo, kwa mwenye mgonjwa nyumbani. Fuateni masharti ya daktari wenu, si yangu. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likififia baada ya lenzi, nenda siku hiyohiyo, usijitibu. Jicho kuona vizuri wiki ya kwanza si kupona. Na ukikosa dozi, sema umekosa. Daktari anatibu kile ulichomwambia. Ukimdanganya, anaitibu karatasi, jicho linabaki peke yake.

Juzi nimechora chati mpya kwa ajili ya Mama Zuhura, kwa rula kama zamani. Nimenawa, nimemtia tone, nikachukua kalamu.

Akanyoosha mkono, jicho moja limefunikwa. "Kalamu lete huku. Tiki nitatia mimi."

Nikampa.

Waliowahi kupitia operesheni hii, au kumuuguza mtu, karibuni mseme yenu. Na mwenye kunisema, aseme. Nimekuja humu nikijua.