Uzi wa Bluu kwenye Abaya Nyeusi

Nywele zangu ziliagwa kwa heshima zote. Kabla hazijaanza kung'oka kila mtu alikuwa na la kusema: funga kilemba, nunua wigi, paka mafuta ya habasoda, nyoa mapema usije ukashtuka. Mwenzangu wa chumbani, binti wa Kikenya, mlinzi wa hoteli moja hapa Al Mankhool, Dubai, alinisindikiza mpaka kwa kinyozi, akaniambia nimependeza. Muongo mkubwa. Lakini macho? Hakuna aliyefungua mdomo. Kope zilianguka zote ndani ya siku chache tu, na hapo ndipo nilipojua kumbe zina kazi, si za kurembulia tu. Vumbi lote la mji huu likahamia machoni mwangu.

Halafu yakaja maji. Nilikuwa nimeshabadilishiwa dawa, maana kemo, dawa ya saratani, nayo ina awamu zake, na hii ya pili walinisifia kwamba haitapishi sana. Kweli haikunitapisha. Ilinifungulia bomba. Machozi yalitiririka asubuhi, yakatiririka mchana, na dunia nzima ikawa kama naitazama kupitia kioo cha bafuni. Kwenye metro wanawake nisiowajua walinipa tishu. Mzee mmoja wa Kihindi alinipisha kiti akaniambia Mungu yupo. Yupo, baba, nani kakataa?

Mwenzangu ndiye aliyenichosha kuliko wote. Ananizidi umbo, mimi namzidi umri, kwa hiyo ananiita mum.

"Lia tu, mum. Wacha itoke. Ukikaa nayo ndani itakumaliza."

"Silii."

"Ni sawa kulia, mum. Hata Yesu alilia."

"Yeye alilia. Mimi navuja!"

Akanikumbatia. Nilimsukuma, naye akaona ndiyo uchungu wenyewe huo, akazidi kunikumbatia.

Kilichonikosesha amani hakikuwa huruma za watu. Kazi yangu ni kushona. Nimeshona abaya kwenye chumba cha nyuma cha duka moja Bur Dubai kwa miaka kumi na moja, mimi na cherehani yangu, na madam mwenye duka mbele na wateja wake. Mambo yamefungana hivi: macho yanashona, kushona kunaleta viza, viza inaleta bima, bima inalipia dawa, na dawa inaharibu macho. Aliyeupanga mpango huo ana utani wake. Nikipoteza macho kabla ya dozi kwisha, napoteza na dozi, narudishwa kwetu Tanga na titi moja na matibabu yangu yamekatizwa katikati.

Sasa mtu atauliza, si ungewaambia hospitali? Ngoja nieleze ujinga wangu, maana ni wangu kabisa.

Kulikuwa na nesi, Mfilipino, mpole, ana kompyuta juu ya kimeza cha magurudumu. Kila baada ya wiki tatu, kabla hajanitundikia dripu, ananisomea orodha. Unatapika? Vidole vina ganzi? Mdomo una vidonda? Macho je? Na mimi, mtoto niliyefundwa nikafundika, namjibu kwa Kiingereza changu cha dukani kwamba macho ni mazuri, alhamdulillah. Kwetu huulizwi hali ukajibu mbaya. Hata aliye hoi kitandani atasema nzuri. Kisha mtaulizana za nyumbani, za watoto, za mvua, na ukimrudia mara ya tatu ndipo atakohoa kidogo aseme, "Nzuri, ila bwana, huu mguu." Hiyo "ila" ndiyo habari yenyewe, na kila mtu anajua kuisubiri. Basi nikajibu nzuri, nikatulia, nangoja aniulize tena nimpe ila yangu. Yeye akabonyeza kitufe akasukuma kimeza chake kwa mgonjwa wa pili. Mara nne! Mara nne nilibaki pale na ila yangu mdomoni, maji yananitiririka mpaka shingoni, naye kaandika macho mazuri. Nadhani alifikiri naogopa sindano.

Na nisijitakase, woga nao ulikuwepo. Kila alipoondoka kuna upande wangu mmoja ulioshusha pumzi.

Dukani nikawa naishi kwa ujanja. Mwenzangu akitoka lindo asubuhi ananitungia sindano ishirini za mkono, anazichomeka kwenye sponji la kuoshea vyombo, naondoka nalo kwenye mkoba. Mshono wa mashine naufuata kwa kidole. Kidole changu cha shahada kinajua kitambaa kuliko mtu anavyomjua mumewe. Madam akiingia nainamia kazi. Akiniona nafuta macho anasema, "Meskina," yaani maskini wa Mungu, anarudi mbele. Nikajiona mjanja kweli.

Kwa hiyo ilipokuja kazi ya abaya tisa za harusi ya familia moja, nilizichukua bila wasiwasi. Nyeusi zote, za kuteleza, za bei mbaya. Nyuzi zangu huwa naziweka kwenye droo moja, nyeusi kushoto, bluu iliyokoza kulia. Fundi yeyote atakwambia hizo mbili hata mwenye macho yake mazima huzisogeza dirishani kwanza. Mimi nilitumbukiza mkono tu. Nikashona siku nne, naimba.

Siku ya tano madam alichukua moja akatoka nayo mlangoni, kwenye jua, ampigie mteja picha. Kisha nikaitwa.

"Shu hada? Nini hii?"

Nikatazama. Niliona kitu cheusi, na mtu mweupe kakishika.

"Abaya, madam."

"Uzi! Tazama uzi!"

Akanisomea mshono kwa kidole, mabega, mikono, ubavu, pindo lote. Bluu. Abaya tisa. Harusi Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumanne. Alipandisha Kiarabu cha haraka ambacho sijawahi kukijua na sikutaka kukijua, mpaka alipoutazama uso wangu akashuka.

"Khalas, khalas. Basi, usilie."

Jamani. Miezi mitatu ya tishu, ya vikumbatio, ya meskina. Nikapasuka.

"Silii, madam! Sioni! Sioni uzi, sioni sindano, hata wewe hapo sikuoni vizuri!"

Nilipiga kelele hizo katikati ya duka, na mteja mmoja alikuwa anajaribu viatu. Nikatamani niyarudishe maneno mdomoni. Madam akaketi kwenye kiti cha wateja, akauliza tangu lini, nikamwambia.

"Bukra, hospitali," akasema. Kesho. Halafu akanitupia zile abaya mikononi. "Leo, fumua."

Basi nikafumua. Kipofu anafumua uzi wa bluu kwenye nguo nyeusi, jamani, mtu asicheke? Mwenzangu alipita kunichukua akiwa na sare zake za ulinzi, akakaa chini kunisaidia, akapasua mkono wa abaya ya tatu kwa wembe. "Woi, mum, nimeua," akasema. Madam aliagiza kitambaa kingine bila kututazama.

Kesho yake hospitali, nesi wangu alinifungulia kompyuta akamwonyesha daktari wa macho. Macho mazuri, macho mazuri, macho mazuri, macho mazuri. Daktari akanimulika, akachokoa kona za macho yangu kwa kisindano kisicho na ncha. Akanieleza kwamba kuna vijia vinavyoyapeleka machozi puani, na ile dawa huviziba. Cha kulia alikiwahi, akakiwekea kamrija kembamba kuliko uzi. Cha kushoto kilikuwa kimeshajifunga kwa kovu. Ukungu utapungua dawa zikiisha, akasema, lakini jicho la kushoto litaendelea kumwaga, na upasuaji hauahidi kitu. Ningesema mapema, angeweka mirija kwenye yote mawili, kazi ya dakika chache.

Nilimkasirikia nesi kwa siku nzima. Kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hiyo haijaisha.

Jumatatu nilirudi kazini. Madam alikuwa amesimama kando ya cherehani yangu.

"Macho zain? Mazuri?"

Nilijua kabisa jibu linalotakiwa. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ningesema zain ningeketi pale, ningetunga uongo mwingine wa sponji na sindano, na huenda ningefika mwisho wa dozi.

"La kulia zuri," nikasema. "La kushoto baya, madam. Na halitapona."

Akaitazama cherehani, akanitazama mimi.

"Zain," akasema. "Wewe sasa pasi."

Viza yangu haikuguswa. Bima ipo, dozi mbili zimebaki. Kwenye cherehani yangu anakaa mama wa Kiganda, mtu mzima mwenzangu, kaletwa na binamu yake. Kila abaya anayomaliza inapita mikononi mwangu niipige pasi, nami kila moja naipitisha kidole, mabega, ubavu, pindo lote, natafuta kosa. Sijalipata. Anashona vizuri sana. Namchukia kutoka moyoni, na kila siku saa nne namletea chai.