Asiyejua Apelekwe Golini

Anayesema mchezo ni mchezo tu hajawahi kupigwa kwa nyuma. Mimi nimepigwa, Doha, asubuhi ya Ijumaa, kwenye uwanja wa vumbi njia ya Al Wakrah, na mpaka leo nikikumbuka hasira inanipanda.

Tulikuwa walinzi, madereva na wapishi wa kambi za Industrial Area, Wabongo na Wakenya, tukifundishwa futiboli ya Kimarekani na Mmarekani wa gym moja ya hoteli. Mimi nilikuwa dereva wa familia ya Kiqatari, na kwa kuwa nilirusha mbali, nikafanywa mrushaji, yule anayewarushia wenzake mpira kwa mkono. Nilimweleza kocha wazi: mkono ukivunjika kazi imekwisha, na kazi ikiisha narudishwa nyumbani. Akasema basi nisikilize. Timu za kulipwa kwao hutafuta kwanza mrushaji, halafu mtu wa kumkinga kushoto, maana anayerusha kwa kulia huacha mgongo wazi upande wa kushoto na haoni anayekuja. Wa kukimbia na mpira watafutwe baadaye, wamejaa tele.

Siku ya mechi kocha alikuwa kazini, timu ikabaki kwa kapteni wetu, Mkenya wa kazi ya ulinzi, mbishi asiyeshaurika. Sote tumekulia soka ya mtaani, na mtaani sheria ni moja: anayejua yuko mbele, asiyejua apelekwe golini. Tulikuwa na baunsa mmoja wa Temeke, jamaa kama kabati. Kapteni akampa kazi ya kukimbia na mpira. Kushoto kwangu akamweka mpishi wa kambi, mwembamba, ambaye hata kofia ya mchezo alifungiwa na wenzake. Nikamwomba anipe baunsa. Wenzangu wakacheka, eti naogopa.

"Huyo hatuwezi mficha nyuma," kapteni akasema. "Wewe rusha tu."

Wapinzani waliona mara moja. Jitu lao moja lilimsukuma mpishi kama pazia, likanibwaga, nikatema damu na mchanga. Mara ya pili lilimkanyaga tumboni, akabaki anatapika, nami nikagongwa mbavu. Wakati wa mapumziko nikamkwida kapteni, nikamtwanga kichwa puani, akanirudishia ngumi ya jicho. Wakatuamua. Damu inamchuruzika, na bado anakataa kumhamishia baunsa kwangu. Ningetoka uwanjani, lakini niitwe mwoga na wale? Thubutu.

Kipindi cha pili niliinua mkono kurusha. Sikuona kitu. Nilisikia mtulinga ukikatika kabla sijasikia maumivu. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu; wasiosikia walikuwa wao, mfupa ukavunjika wangu.

Kapteni alinifuata hospitali, pua imevimba, anacheka. Tumeshinda, akasema, baunsa kauvusha mstari mpira wa mwisho. Hajamaliza, kafili wangu, yule mwajiri aliyenidhamini nchini, akaingia. Mzee yule hakuwa mbaya. Alitazama bendeji, akauliza kama nitaweza kushika usukani. Nikatikisa kichwa. Akanyoosha kiganja, akaomba ufunguo wa gari.

Ulikuwa kwenye mfuko wa kulia, na mkono wa kulia haukusogea. Kapteni ndiye aliyeuchomoa, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu.

Mzee alipotoka, kapteni akasema, "Pole, bro."

Nilimzaba kibao kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu zote zilizobaki, mpaka nesi akaja mbio. Safari hii hakurudisha.