Mume Wangu Aling'oa Koma za Baba, Akakuta Bunduki

Mhariri, jina langu nakuomba ulifiche, na la kitongoji chetu pia. Sema tu ni Kisauni. Mimi ni mama wa miaka thelathini na kitu. Nilizaliwa wakati wazee wetu wa Kigiriama walipopigana na Serikali, kwa hivyo umri wangu naujua kwa kukisia. Nina watoto wanne. Mume wangu ni mtu wa bara, kuli wa bandarini, na ameokoka, tena ameokoka kwa kelele. Hakuwa na mahali pa kujenga, tukajenga kwenye shamba la baba yangu, maana baba hana mtoto mwingine ila mimi. Wasomaji, msinicheke. Nimechoka jamani.

Nyuma ya nyumba ya baba kulikuwa na koma mbili. Kwa asiyejua, koma ni mti unaochongwa na kusimamishwa kwa ajili ya mtu wa ukoo aliyekufa. Hizi zilikuwa za baba zangu wadogo wawili, waliokufa katika vita hivyo. Kila baada ya mavuno baba huzimwagia tembo la mnazi na unga kidogo, akazipa habari za nyumbani, basi. Mimi nimebatizwa, lakini sikuona ubaya. Mtu akizungumza na nduguze, wewe unaumwa wapi? Mume wangu yeye aliona ni sanamu. "Mama Neema, wanangu hawatalelewa mbele ya mashetani," akasema. Nikamwambia koma haing'olewi, hata watu wakihama huiacha palepale. Kumbe iliingia sikio hili ikatokea lile.

Jumamosi iliyopita baba alikwenda matangani kule Rabai. Mume wangu akaona ndiyo nafasi. Akaing'oa ya kwanza, ya pili ikamshinda, akachukua jembe akachimba. Jembe likagonga kitu kigumu. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Shimoni mlikuwa na furushi refu la ngozi ya ng'ombe, na tulipolifungua tukakuta magobori mawili yaliyoliwa na kutu, na podo la mishale ya sumu. Mume wangu aliketi kwenye udongo, akasema, "Tumekwisha." Tangu makuli wagome, askari huingia nyumba za watu wa bandarini bila hodi. Na kama hilo halitoshi, jirani yetu alikuwa amekuja kuomba moto, akaona kila kitu. Mama huyo namjua, hana dogo. Kufika jioni habari ilikuwa imeshazungumzwa kisimani.

Baba aliporudi hakututukana. Laiti angetutukana! Alikwenda akaketi kando ya yale mashimo, akaniita.

"Mwanangu."

"Abee, baba."

"Babazo wadogo hawakuonekana. Tuliwatafuta ng'ambo ya mto mpaka tukachoka. Tulichookota ni bunduki zao na podo hilo. Hicho ndicho nilichokizika. Sikuwa na kingine."

Akatueleza kwamba Serikali ilipodai kila silaha itolewe, yeye aliapa mbele ya Mzungu kuwa kwake zimekwisha. Alipohamia huku Kisauni alizibeba ndani ya mkeka, akazizika, akasimamisha koma juu yake, akijua hakuna Mgiriama atakayethubutu kuchimba hapo. "Sikuwaza kwamba binti yangu ataolewa na mtu wa bara," akasema. Hakusema kwa ubaya, lakini lilinichoma.

Mume wangu alipiga magoti. "Baba, niwie radhi, sikujua." Alilia, haki ya Mungu, nami nikaona si mtu mbaya. Ila hofu yake ni kubwa, na mimi siwezi kumlaumu. Akafungwa yeye, wanangu watakula nini? Akasema tuzitupe baharini, tuseme jirani aliota. Baba akamtazama. "Hawakupata kaburi mara ya kwanza. Hili nililowapa umelichimbua. Sasa wataka kuwatosa?"

Basi mume wangu ameamua Jumatatu hii inayokuja aende kwa Chifu kabla hajafuatwa. Atasema alikuwa akilima, akazikuta, mwenyewe hajulikani. Ingekuwa ndiyo njia, nami nilianza kupumua. Lakini baba amekataa. "Zina wenyewe," amesema. "Nitakwenda nazo mimi. Nitasema ni za ndugu zangu, na niliapa uongo, na leo ningeapa tena." Mume wangu amembembeleza aseme tu hajui. Mimi nimemshika miguu. Nimemwambia, baba, wewe ni mzee, macho hayaoni vizuri, jela utakufa. Akanijibu kwamba miaka yote hii amewakana nduguze mbele ya Serikali, na hatawakana tena kwa ajili ya kufa nyumbani.

Tangu siku hiyo hali chochote. Amelala na lile furushi chumbani kwake. Watoto wanauliza babu ana nini, nawaambia ana homa. Mume wangu halali, ananiuliza mimi, eti ni baba yangu, nimsemeze. Nimsemeze nini tena? Nikizitupa kwa siri, baba hatanisamehe mpaka kufa kwake, na jirani atasema tulizificha. Zikikaa, askari wataondoka na mume wangu. Zikienda, wataondoka na baba. Nimesali mpaka maneno yameniishia.

Leo asubuhi nilifurahi kidogo, maana baba aliniita kwa sauti yake ile ya zamani. Nilidhani anataka uji. Kumbe alitaka nimfulie shuka yake nyeupe, asiende kwa Chifu akiwa mchafu. Nimeifua. Iko kambani, na jua la leo ni kali. Nishaurini, wenzangu, mimi nifanye nini?