Matuta ya Bati na Mshono wa Gaspari

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya Ifakara isiyonitoka kichwani, ingawa mengi ya miaka ile ya hamsini yameshanipotea. Uhuru ulikuwa haujaja. Nilikuwa kijana mwenye mke na mtoto mmoja, nikifanya kazi kwa fundi bati aliyeitwa Mzee Kalisti, Mpogoro wa Mahenge aliyejifunza kuchomelea kwa gesi akiwa jeshini wakati wa vita. Chini yake tulikuwa mafundi wawili: mimi wa nyundo, na rafiki yangu Gaspari wa moto.

Kazi zetu za kila siku zilikuwa ndoo, mabeseni na mapipa ya kuwekea mpunga. Mwaka huo akaja Eligius, katekista wa kijiji kimoja ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Masika iliyotangulia dada yake alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wakampakia kwenye mtumbwi kumleta hospitali ya misheni, na mtumbwi ukapinduka katikati ya maji. Hakupatikana yeye wala mtoto. Sasa kijiji kilitaka boti pana ya chuma, ambayo mgonjwa anaweza kulazwa ndani yake na isiyumbe. Mzee Kalisti alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ataipata kabla mvua hazijakolea.

Shida ya kwanza ikawa bati. Tulipata bati jeusi, si lile la kuezekea, lakini lilikuwa jembamba. Ukilisimamisha linapepea kama jani la mgomba. Ukilikanyaga katikati linabonyea, na ukitoa mguu linarudi kwa kishindo. Nikamshauri mzee tusubiri bati nene kutoka Morogoro. Akanikatalia taratibu. Bati nene, alisema, litaifanya boti iwe nzito, na watakaoisukuma kwenye matope ni binadamu.

"Hili halikosi unene," akaniambia. "Linakosa mgongo."

Akachonga mfereji mrefu kwenye gogo gumu. Mimi nikalaza bati juu yake na kuligonga kwa nyundo ya mti yenye mdomo wa mviringo, nikifuata mstari, mpaka bati likazama mferejini na kuinuka upande wa pili kama tuta la viazi, ila wembamba wake ni wa kidole gumba. Tuta halifanywi kwa mara moja, mwanangu. Unapita mara ya kwanza kina kidogo, ya pili unaongeza. Ukilazimisha kina chote kwa pigo moja, bati linapasuka. Tena tuta lisifike ukingoni, maana ukingo unatakiwa ulale sawasawa upate kuungwa na mwenzake. Nilipomaliza sakafu yote, mzee alipanda juu akarukaruka, na umri wake ule. Haikubonyea. Ni bati lilelile. Hatukuongeza hata kipande.

Kisha ikawa zamu ya Gaspari. Nisimpunguzie sifa, alikuwa na mkono mwepesi kuliko yeyote niliyewahi kumwona. Alishikiza mabati kwa vidonge vidogo vya chuma alichokiyeyusha kwa moto, hapa na pale, yasije yakajikunja kwa joto, halafu akavuta mshono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, umeinuka laini kama uzi uliosokotwa. Watu walikuwa wakipita karakanani kwetu kuutazama tu.

Asubuhi ya kukabidhi boti, Eligius alifika na wazee wake, na vijana wa kuibeba hadi mtoni. Mkewe alikuwa mjamzito, nasi sote tulijua hivyo. Mbele yao wote Mzee Kalisti akapaka chokaa kwenye mishono kwa nje, ikakauka, kisha akapaka mafuta ya taa kwa ndani. Mafuta ya taa hupenya pale ambapo jicho haliwezi. Tukasubiri. Kwenye mshono wa ubavuni chokaa ikaanza kuloa. Doa moja, likafuatiwa na mengine, marefu kama vidole. Mshono ulikuwa umelala juu ya bati bila kuingia ndani yake. Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti.

Mzee akawaambia wageni kwamba boti haiondoki. Eligius alikasirika, na sikumlaumu. Alisema mto umeshaanza kujaa, na kwamba tunamchezea mtu aliyekwisha kuzika jeneza tupu. Gaspari akamsogelea mzee.

"Mzee, unaniaibisha mbele za watu."

"Ndiyo," Mzee Kalisti akasema. "Nakuaibisha ukiwa nchi kavu."

Gaspari akavua glavu zake, akaziweka juu ya boti, akaondoka.

Jioni nilimfuata kwao. Nilimkuta ameketi uani na mama yake, mjane mwenye maneno machache. Gaspari alinieleza kwamba amemaliza kazi kwa mzee yule. Ataenda Kiberege kufungua banda lake mwenyewe. Sikubishana naye. Ni mama yake aliyemuuliza kama yale madoa yalikuwapo kweli, au mzee aliyatunga. Gaspari akajibu kwamba yalikuwapo. Mama akaendelea kupepeta mchele wake.

Asubuhi nilipofika kazini nilisikia patasi. Gaspari alikuwa ameshaukata mshono wote, hata pale palipokuwa pazima. Akaurudia polepole, akingoja kingo zote mbili ziyeyuke na kukumbatiana ndipo asogee. Safari hii haukuwa na urembo wa ule wa kwanza. Tukapaka chokaa na mafuta ya taa, na chokaa ikabaki nyeupe hadi jua lilipotua. Mzee Kalisti hakumsifu. Alimpokea patasi akaenda kuinoa mwenyewe.

Siku ya kuishusha mtoni, maji yalikuwa mekundu yakienda kasi, magogo yakipita. Watu wa ng'ambo walisimama ukingoni, na hakuna aliyetaka kutangulia. Kilichompata dada yake Eligius kilikuwa bado machoni mwao. Ndipo Gaspari akatokea njiani amemshika mkono mama yake. Hakuna aliyemwambia afanye vile. Akamkalisha katikati ya boti, akapanda naye, akawaambia wapiga kasia waondoke. Muungwana ni kitendo. Boti ikavuka, ikarudi, na mama yule akashuka na viatu vikavu. Eligius akamsogelea Gaspari, wakapeana mikono. Wiki chache baadaye mke wa Eligius alivukia boti hiyohiyo, akajifungulia hospitali.

Sasa nikuusie, wewe uliye na mashine ya kuchomelea kwa umeme ambayo sisi hatukuiota. Kitu chembamba usikidharau. Kipe matuta, nacho kitabeba. Mshono usiupime kwa jicho, upime kwa kinachopenya. Mficha uchi hazai: kosa likionekana, kata upya mapema, hata kama watu wanatazama. Na usimkabidhi mtu kitu ambacho usingempandisha mama yako.

Mungu akulindie macho yako na moto, aitulize mikono yako, na kila utakachokiunga akijalie kushika. Amina.